Mchezaji Bora wa NBA ni Nani? Mjadala wa Pande Tano

NBA, ligi ya mpira wa kikapu wa kulipwa ya Marekani, iliadhimisha miaka 50 mwaka 1996 kwa kutangaza wachezaji wake 50 bora. Mwaka 2021, ilipoingia msimu wa 75, ilitangaza orodha mpya, safari hii ya majina 76, kwa sababu kura za nafasi ya mwisho zilifungana. Orodha zote mbili zilitolewa bila kusema nani wa kwanza na nani wa mwisho. Kazi hiyo imebaki kwa mashabiki, nayo inawakeshesha watu Chicago na Los Angeles, na vilevile Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa.

Wanaobishana juu ya nafasi ya kwanza kwa kawaida husimama nyuma ya mmoja kati ya watano: Michael Jordan, LeBron James, Bill Russell, Wilt Chamberlain na Kareem Abdul-Jabbar. Magic Johnson, Larry Bird, Kobe Bryant, Tim Duncan na Stephen Curry wana watetezi wao pia, ila hao mara nyingi hugombea nafasi zinazofuata. Ubishi hauishi, na ushabiki si sababu yake kubwa. Kila upande unajibu swali lake. Mmoja anauliza nani alikuwa mkali zaidi alipofika kileleni. Mwingine anauliza nani alidumu na ubora wake kwa muda mrefu zaidi. Yupo anayeuliza nani alishinda mara nyingi zaidi, na yupo anayeuliza nani aliwaacha mbali zaidi wenzake wa wakati wake. Maswali manne hayazai jibu moja.

Shabiki wa Jordan huanza na fainali. "Alifika mara sita, akashinda mara sita," anasema, na hapo hana wa kumpinga. Chicago Bulls walitwaa ubingwa 1991, 1992 na 1993, kisha 1996, 1997 na 1998, na kila mara Jordan alitajwa mchezaji bora wa fainali. Hakuna hata fainali moja kati ya hizo iliyofika mechi ya saba. Kwa misimu 10 alikuwa mfungaji bora wa ligi, na wastani wake wa pointi 30.1 kwa mechi katika msimu wa kawaida ulipanda hadi 33.4 katika mechi za mtoano, mahali ambapo walinzi wanakaba zaidi na wachezaji wengi hushuka. Hoja yake nzito kuliko zote, ingawa hutajwa kwa nadra, ni msimu wa 1987-88. Mwaka huo Jordan alikuwa mfungaji bora, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa msimu, na juu ya hayo akapewa tuzo ya mlinzi bora. Wapo wafungaji wengi waliopumzika wakati wa kukaba ili wabaki na nguvu za kufunga. Jordan alifanya kazi zote mbili, tena kwa kiwango cha juu kabisa katika ligi nzima.

Shabiki wa LeBron anamsikiliza hadi mwisho, kisha anajibu: "Ndugu yangu, mbona unaanza kuhesabu mwaka 1991? Jordan aliingia ligi mwaka 1984." Ni kweli. Katika misimu mitatu ya kwanza, Bulls walitolewa raundi ya kwanza mara zote tatu. Miaka mitatu iliyofuata, 1988 hadi 1990, Detroit Pistons waliwafungia njia. LeBron, kwa upande wake, alifika fainali 10, akashinda nne: 2012 na 2013 akiwa Miami Heat, 2016 akiwa Cleveland Cavaliers na 2020 akiwa Los Angeles Lakers. Zile sita alizopoteza ndizo anazosutwa nazo. Hapo shabiki wake anauliza swali ambalo upande wa pili haujawahi kulijibu vizuri: iweje anayeshindwa kwenye fainali ahesabiwe doa, na anayetolewa raundi ya kwanza asihesabiwe kitu? Timu iliyofika fainali imekwisha kuzitoa nyingine tatu njiani. Jerry West wa Lakers alicheza fainali tisa na kupoteza nane, na hakuna mtu makini anayesema angekuwa mkubwa zaidi kama angezikosa hizo nane.

Kisha unakuja mwaka 2016. Golden State Warriors walikuwa wameshinda mechi 73 na kupoteza tisa katika msimu wa kawaida, rekodi iliyoizidi ile ya 72 kwa 10 ya Bulls wa Jordan. Katika fainali waliongoza mechi tatu kwa moja. Cavaliers walishinda tatu zilizobaki, na LeBron alimaliza mfululizo huo akiwa wa kwanza miongoni mwa wachezaji wa timu zote mbili kwa pointi, ribaundi, asisti, kupokonya mipira na kuzuia mitupo. Hapajawahi kuwa na fainali yoyote ya Jordan iliyodai kazi kubwa kiasi hicho kutoka kwa mtu mmoja dhidi ya timu kali kiasi hicho.

"Na 2011?" anauliza shabiki wa Jordan. Mwaka huo Miami walifungwa na Dallas Mavericks, na LeBron, akiwa na miaka 26 na nguvu zake zote, alipata wastani wa pointi 17.8 tu. Swali hilo ni la haki na halina jibu zuri. Mtu anayesifiwa kwa kilele chake anapaswa kuulizwa pia juu ya siku ambazo kilele hicho hakikuonekana, na Jordan hana fainali ya namna hiyo.

Shabiki wa LeBron hana haja ya kuitetea 2011, kwa sababu nguvu yake halisi iko kwenye swali la kudumu. LeBron aliingia ligi mwaka 2003 akitoka shule ya sekondari. Tarehe 7 Februari 2023 aliivuka rekodi ya Kareem ya pointi 38,387, na tarehe 2 Machi 2024 akawa mchezaji wa kwanza kufikisha pointi 40,000. Jordan alistaafu mara mbili katikati ya safari yake, kwanza mwaka 1993, na Bulls bila yeye bado walishinda mechi 55 msimu uliofuata, mbili tu pungufu ya msimu uliotangulia. Shabiki wa Jordan anakumbusha kwamba mechi hizo 55 hazikuleta ubingwa, na kwamba ubingwa ulirudi baada ya yeye kurudi. Wote wawili wanasema kweli. Ila mmoja anapima mwaka bora na mwingine anapima miaka yote.

Katikati ya mabishano hayo huingia mtetezi wa Russell, ambaye kwa kawaida ni mtu mzima au kijana aliyesoma sana. "Vijana wangu," anasema, "kama kipimo ni ubingwa, mnabishania nafasi ya pili." Bill Russell alichezea Boston Celtics misimu 13, kuanzia 1956 hadi 1969, na kutwaa ubingwa mara 11. Nane kati yake zilifuatana, 1959 hadi 1966. Kabla hajafika, Celtics hawakuwa na ubingwa hata mmoja. Msimu wa kwanza baada ya yeye kuondoka, timu ilishindwa hata kuingia kwenye mtoano. Ubingwa wake wa mwisho aliupata akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, naye alikuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika historia ya NBA. Mwaka 1980, chama cha waandishi wa mpira wa kikapu nchini Marekani kilimtangaza Russell kuwa mchezaji mkubwa kuliko wote katika historia ya ligi, wakati Jordan akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Kuna siku, basi, ambapo mjadala huu ulionekana umefungwa, tena na watu waliokuwa wanaujua mchezo.

Wapinzani wana majibu mawili. La kwanza ni Robert Horry. Huyu ana ubingwa saba, aliotwaa akiwa na Houston Rockets, Lakers na San Antonio Spurs, na hakuwahi hata mara moja kuchaguliwa kwenye mechi ya nyota. Kama hesabu ya ubingwa ingetosha, Horry angekuwa juu ya Jordan. La pili ni ukubwa wa ligi: Russell alipoanza kulikuwa na timu nane, na alipostaafu zilikuwa 14, ilhali leo ziko 30. Jibu la Horry linafaa dhidi ya yeyote anayehesabu vikombe tu, lakini halimgusi Russell mwenyewe, kwa sababu Horry alikuwa msaidizi mzuri katika timu za watu wengine, na Russell alikuwa ndiye sababu ya timu yake kushinda. Hoja ya timu nane nayo ina upande wa pili ambao hausemwi: ligi ndogo ilikuwa na nafasi chache, hivyo vipaji havikutawanyika, na timu moja ilikutana na Chamberlain mara nyingi kila msimu.

Msimu wa 1961-62 unastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ndani yake mjadala wote umo. Wilt Chamberlain, senta wa Philadelphia Warriors, alimaliza msimu huo na wastani wa pointi 50.4 na ribaundi 25.7 kwa mechi. Alicheza wastani wa dakika 48.5 katika mchezo wa dakika 48, kwa kuwa karibu hakutoka uwanjani na dakika za nyongeza zilihesabiwa. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake. Msimu huohuo Oscar Robertson wa Cincinnati Royals alipata wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na asisti 11.4. Russell alipata pointi 18.9 na ribaundi 23.6.

Tuzo ya mchezaji bora wa msimu ilipigiwa kura na wachezaji wenyewe katika miaka hiyo, na wachezaji walimchagua Russell. Waandishi wa habari, ambao kura yao ilikuwa ya kuchagua kikosi cha wachezaji watano bora wa msimu, walimweka Chamberlain kuwa senta wa kikosi cha kwanza na Russell wakamweka kikosi cha pili. Mahakama mbili zilisikiliza kesi moja, mwaka mmoja, zikatoa hukumu mbili tofauti, na hakuna kati yao iliyokosa akili. Waandishi walipima wingi wa kazi. Wachezaji walipima ugumu wa kumshinda mtu, nao ndio waliokuwa wakitupa mpira kuelekea ringi huku mkono wa Russell ukiwa juu yake. Mwisho wa msimu, Boston iliifunga Philadelphia katika mechi ya saba ya fainali ya Mashariki kwa 109 kwa 107, kwa mtupo wa Sam Jones katika sekunde za mwisho. Kama mpira ule ungegonga ringi na kutoka nje, huenda leo hukumu juu ya watu wawili wakubwa ingekuwa nyingine. Pointi mbili ni msingi mwembamba mno wa kujengea hadhi ya mtu milele, na wanaohesabu vikombe wanapaswa kulikumbuka hilo kila wanapozungumza.

Mpenzi wa takwimu anapopata nafasi hutaka kwanza hesabu zirekebishwe. Msimu huo wa 1961-62, kila timu ilikuwa ikitupa mpira kuelekea ringi zaidi ya mara 100 katika mechi moja, na zaidi ya nusu ya mitupo ilikosa. Siku hizi mitupo iko karibu 90. Mitupo mingi inayokosa maana yake ni ribaundi nyingi za kugombea, kwa hiyo ribaundi 25 za wakati ule si sawa na ribaundi 25 za leo. Marekebisho hayo hayamwondolei Chamberlain ukubwa wake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekaribia pointi 50 kwa mechi katika ligi ileile, kwa kasi ileile. Yanachofanya ni kulibadili swali, tusilinganishe tena namba ya 1962 na namba ya 2022 bali umbali kati ya mtu na wenzake.

Urekebishaji huo una mipaka yake. Mtupo wa pointi tatu uliingizwa NBA msimu wa 1979-80. Larry Bird, aliyejulikana kwa mitupo ya mbali, alifunga mitupo 649 ya aina hiyo katika maisha yake yote ya uchezaji, na Jordan 581. Curry alifunga 402 katika msimu mmoja tu, 2015-16. Wachezaji hao hawakucheza mchezo uleule, na hakuna fomula inayoweza kukisia Jerry West angefunga ngapi kama mstari ungekuwepo. Vilevile, kuzuia mitupo na kupokonya mipira kulianza kuhesabiwa rasmi msimu wa 1973-74. Russell alistaafu 1969 na Chamberlain 1973. Wachezaji wawili wanaotajwa kuwa wazuiaji wakubwa kuliko wote wana nafasi tupu kwenye safu ya bloku, na kila kipimo cha kisasa kinachotegemea safu hiyo kinawadhulumu. Julius Erving naye alicheza misimu mitano katika ligi ya ABA kabla timu nne za ligi hiyo hazijaingia NBA mwaka 1976, na misimu hiyo haimo katika rekodi za NBA. Karatasi ya takwimu inaonyesha kile ambacho mtu fulani aliamua kukihesabu, tangu siku alipoamua.

Wanaosema wachezaji wa zamani walikabwa kwa ukali zaidi wana ushahidi: mwaka 2004 ligi ilibana matumizi ya mikono katika kumzuia mwenye mpira. Wanaosema wa leo wana kazi ngumu zaidi wana wao pia, kwani ukabaji wa eneo uliruhusiwa mwaka 2001, na vipaji sasa vinatoka duniani kote. Kuanzia 2019 hadi 2025 tuzo ya mchezaji bora wa msimu haikwenda hata mara moja kwa mtu aliyezaliwa Marekani. Ilichukuliwa na Giannis Antetokounmpo wa Ugiriki, Nikola Jokić wa Serbia, Joel Embiid wa Kamerun na Shai Gilgeous-Alexander wa Kanada. Hoja ya enzi, kwa kifupi, haiusaidii upande wowote.

Mashabiki wa Afrika Mashariki na Kongo wana hasara moja katika mjadala huu. Fainali huchezwa saa tisa au saa kumi usiku kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo wengi wanawajua wachezaji kupitia vipande vya video vya asubuhi. Vipande hivyo vinaonyesha danki na mitupo ya mbali. Havionyeshi mlinzi aliyesogea hatua mbili mapema na kuziba njia, wala senta aliyemfanya mpinzani aghairi kutupa. Ndiyo maana Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, hutajwa kwa mapenzi lakini hapangwi juu. Alichaguliwa mlinzi bora wa ligi mara nne na ni wa pili katika historia kwa kuzuia mitupo, nyuma ya Hakeem Olajuwon mzaliwa wa Lagos, lakini hakuwemo katika majina 76 ya mwaka 2021. Kumwacha nje lilikuwa kosa. Orodha yenye nafasi 76 inayokosa nafasi ya mtu kama huyo imepima kufunga na kusahau kwamba pointi iliyozuiwa ina thamani sawa na iliyofungwa.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na nyumbani. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. James Harden alifuata nafasi ya tatu, na Stephen Curry nafasi ya saba. Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, alicheza misimu mitano. Harden na Curry wote wamechukua tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Waliopanga walikuwa wataalamu wenye video, vipimo na mishahara ya kazi hiyo. Mwaka 2014 walewale walimwacha Jokić hadi nafasi ya 41. Kupanga wachezaji ni kazi ngumu hata kwa wanaolipwa kuifanya, na Thabeet hakustahili kubebeshwa lawama ya makadirio ya watu wengine.

Mtetezi wa Kareem huzungumza mwisho, mara nyingi wengine wakiwa wamechoka. Anastahili kusikilizwa kuliko wote. Milwaukee Bucks walishinda mechi 27 msimu kabla hajafika. Alipofika, mwaka 1969, walishinda 56, na mwaka 1971 wakawa mabingwa. Alichukua tuzo ya mchezaji bora wa msimu mara sita, na hakuna aliyemfikia. Jordan na Russell wana tano kila mmoja. Ana ubingwa mara sita, sawa na Jordan. Alikuwa mchezaji bora wa fainali mwaka 1971, na tena mwaka 1985 akiwa na miaka 38. Aliivuka rekodi ya pointi ya Chamberlain Aprili 1984, na rekodi yake ikasimama hadi 2023, karibu miaka 39. Katika pointi zote hizo 38,387, mtupo wa pointi tatu ulikuwa mmoja tu. Zilizobaki zilitokana kwa sehemu kubwa na mtupo wake wa mkono mmoja wa juu, ambao kila mlinzi aliujua na hakuna aliyepata dawa yake. Misimu yake minne ya kwanza haikuhesabiwa bloku, lakini bado ni wa tatu katika historia.

"Lakini ubingwa wa 1987 na 1988 ulikuwa wa Magic," anasema shabiki wa Jordan, na hilo ni sahihi. Ila mwaka 1980 Kareem alipata wastani wa pointi 33.4 katika mechi tano za fainali kabla ya jeraha la kifundo cha mguu kumweka nje ya mechi ya sita. Magic akafunga pointi 42 katika mechi hiyo moja na kupewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Mtu anayemnyima Kareem ubingwa wa 1987 na 1988 kwa sababu Magic alikuwa mbele, inampasa amrudishie wa 1980.

Kwa swali la kilele, Jordan anabaki wa kwanza. Msimu wake wa 1988 na fainali zake sita havijapata mpinzani. Kwa ubingwa ni Russell, na kwa kuwaacha mbali wenzake msimu mmoja ni Chamberlain. Lakini anayetaka orodha moja inayojibu maswali yote manne kwa pamoja atakuta Kareem hashuki katika lolote kati ya hayo, na nafasi yake ni ya pili, nyuma ya Jordan na mbele kidogo ya LeBron. Yeyote anayemshusha chini ya nafasi ya tatu anadaiwa maelezo.